Pikapu Iliyotoa Shikamoo

"Baku shimasu, baku shimasu." Sauti ya mwanamke, nyembamba, yenye adabu, iliyotoka kwenye pikapu kila baba alipoingiza gia ya kurudi nyuma, ikitangaza kwa Kijapani kwamba gari linarudi. Mpaka leo naisikia vilevile.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa, magari yaliyokwisha kutumika Japani yakimiminika Morogoro. Baba alikuwa amepunguzwa kazi ya udereva kiwandani, na pikapu hiyo ndiyo ingetulisha, kwa kuleta ndizi za Matombo sokoni. Lakini hakuiamini. Wakubwa wa dunia wakikuuzia kitu kwa bei rahisi, alisema, ujue kuna wanachokitafuta, na mashine inayosema bila kuulizwa lazima inasikiliza pia. Mjomba, aliyewahi kwenda kutazama magari ya mashindano akarudi amejaa vumbi hadi kwenye kope, alibisha. Dereva wa mbio ana mtu pembeni wa kumsomea njia, basi huyu mama ndiye msomaji.

"Mbona anasoma tukirudi nyuma tu?" baba akauliza. "Huko mbele wanakotupeleka hasemi?"

Mjomba akakimbilia sheria za barabarani: Wajapani nao hupita kushoto kama sisi, hawawezi kuwa watu wabaya. Baba akajibu kwamba hata mwizi hupita kushoto akimwona trafiki. Nilicheka, ila moyoni nilikuwa upande wa yule mama. Nilimwona amekaa penye theluji, ametumwa kwetu bila kuulizwa kama anataka.

Bibi yangu alikuwa amekuja kutoka Matombo kukaa nasi. Masikio yake yalikuwa mazito, lakini macho mazima. Alisoma kwa masista, na hata gazeti lililofungiwa maandazi hakulitupa kabla ya kulimaliza. Asubuhi moja alikuwa uani anachambua mchele, baba akaanza kurudi nyuma. Sauti ikatoka. Bibi akaweka ungo chini, akasimama, akajitengeneza kanga.

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

Akabaki amesimama, akingoja jibu. Nilipiga kelele, baba akakanyaga breki. Kati ya bampa na goti la bibi palibaki kiganja tu.

"Mtoto wa watu ametoa shikamoo," bibi akasema, "nimwache hivihivi?"

Baba alishuka. Akautafuta waya wa ile sauti, akaukata, na mjomba safari hii hakubisha. Kumbe mimi ndiyo kwanza nikaingiwa na wasiwasi. Sasa gari litarudi kimyakimya, na bibi hahami pale, maana ndipo jua la asubuhi linapopiga. Nilimwambia baba. Akasema atatazama kioo. Kioo chenyewe si kilitoka kulekule?

Walipoingia ndani kunywa chai, nilichukua kipande cha mkaa jikoni. Kwenye mlango wa nyuma wa pikapu, uliokuwa mweupe, nikaandika kwa herufi kubwa: SHIKAMOO BIBI. PISHA KWANZA, UTAITIKIA BAADAYE.