Cheti cha Mwenye Ndevu

Juzi, kwenye kaunta ya ardhi mjini Mbulu, bibi mmoja wa kanisa la Methodisti la kijijini alikuwa amebanwa kweli. Jirani anataka kanisa libomolewe. Anadai limejengwa kwenye shamba la baba yake, na kanisa halina karatasi hata moja.

“Mmejenga mimi nina ndevu tayari!” alifoka jirani, akabamiza karatasi mezani kuthibitisha umri wake.

Ofisa aliisoma mara mbili. Foleni nzima tukasogea kusikiliza.

“Mzee, hiki ni cheti cha ubatizo. Ulibatizwa ukiwa mtoto mchanga, kwenye kanisa hilohilo.”

Bibi akamtazama. “Beseni la maji nilishika mimi. Ndevu hukuwa nazo.”

Jirani akanyoosha mkono arudishiwe cheti. Ofisa alikuwa ameshatoa kopi. Sasa kanisa lina karatasi, na aliyeileta ndiye anayetaka libomolewe.