Makopo Matatu ya Vitamini

Fundi wa mapazia alikuwa na binti mmoja wa miaka kumi na minne. Mtaani walimwita Kiberiti: mfupi, mwembamba, na filimbi ikilia tu amekwisha waka. Alikimbia mita mia nne. Aliposhindwa mara mbili mfululizo, mama yake alianza kuamini kwamba chakula cha nyumbani hakimtoshi. Shangazi mtu akaleta kopo la vitamini, muuza dawa akashauri la pili, na la tatu fundi akalitafuta mwenyewe. Kila asubuhi alisimama mlangoni mpaka mtoto ameze vidonge vyote vitano.

Mwezi wa tatu wa vidonge hivyo, midomo ya binti ikaanza kupasuka. Kikafuata kichwa kuuma, kila siku. Jumamosi moja, fundi akiwa anakata kitambaa, binti aliingia akipapasa ukuta.

"Mama, nakuona wawili."

"Mmoja tu anakushinda, wawili utawaweza?" alisema fundi, lakini mkasi ulikuwa umeshamponyoka.

Hospitalini, daktari aliuliza, "Anatumia dawa gani?"

"Hana dawa yoyote. Vitamini tu."

"Naomba nizione."

Fundi akayatoa makopo mkobani. Daktari alisoma maandishi madogo ya nyuma, kopo baada ya kopo.

"Yote matatu yana vitamini A," alisema daktari hatimaye. "Ile haitoki kwa mkojo kama vitamini C, inajilimbikiza. Ikizidi inaleta presha ndani ya kichwa. Na macho yanaweza kuumia."

"Daktari, mimi ndiye niliyempa. Kwa mkono wangu."

"Ulimpa kwa nia njema, mama. Sasa tumpime macho."

Fundi alikaa kwenye benchi saa mbili nzima, akiogopa kila mlango uliofunguliwa.

Macho yalikuwa hayajaharibika. Vidonge vikasimamishwa siku hiyohiyo.

"Sasa nimpe nini?" aliuliza fundi.

"Ale ashibe, anywe maji, alale. Vidonge ni pale vipimo vikionyesha upungufu."

Kichwa kiliacha kumuuma binti baada ya wiki sita, na baadaye akaruhusiwa kukimbia. Shindano la kwanza alishika nafasi ya nne. Watu walimpigia makofi, lakini mama yake hakujua kashika ya ngapi. Mbio nzima alikuwa akiangalia miguu ya binti tu, aone kama haitoki nje ya mstari.