Sauti ya Fundi Lucius

Halmashauri ya mji wa Corwith Grove, Indiana, ilitangaza kwamba jua likizama, mtu mweusi hatakuwamo mjini. Lucius Pettway, fundi mweusi wa masanduku ya muziki yanayopiga sahani kwa sarafu, alilitii tangazo hilo miaka tisa.

Jioni moja ya 1956, sanduku la mkahawani lilimchelewesha. Lilipotengemaa, vijana wa kizungu waliruka kucheza wimbo ambao, bila wao kujua, aliuimba yeye kwenye sahani.

“Wewe fundi, jua hilo linazama!” kijana mmoja alimhimiza huku akitikisa mabega. “Wazee wetu hawana utani.”

“Wimbo umekukolea?” Lucius aliuliza.

“Tutakesha nao! Haya, potea.”

Lucius aliondoa gari. Jua lilimzamia akiwa mtaa wa mwisho wa mji. Madirisha yalikuwa wazi, watu hawaonekani, redio zinalia. Katika kila nyumba aliyoipita, alikuwamo, akiimba.