Swichi ya Chini ya Kitanda cha Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alihamia kwenye karavani, kijumba cha magurudumu, mwaka ule upepo ulipong'oa mabati ya nyumba yake, hapa karibu na Mogogosiek. Shemeji yangu alilinunua likiwa kuukuu kutoka shamba moja kubwa la chai, akalivuta kwa trekta hadi uani, akaliunganisha na stima ya jikoni. Mama alisema atalala humo hadi nyumba iishe. Nyumba iliisha, yeye akabaki humo humo. Alidai karavani halivuji, na hapo sikuwa na la kubisha.

Mimi ni fundi wa umeme. Nimefanya kazi kwenye kiwanda cha chai miaka ishirini na miwili, na feni za kunyausha majani zikigoma, ninayeitwa ni mimi. Nasema haya mapema ili ujue nilivyojiamini mama alipopiga simu mchana mmoja, mke wangu akiwa ameenda Mulot kununua mahindi.

"Stima imepotea, Mama?"

"Iko. Taa si inawaka. Lakini mashine ya mayai imenyamaza."

Mashine ya mayai ni inkubeta. Siku hiyo ilikuwa na mayai sitini na manne ya akina mama wa kanisani, kila mmoja ameweka alama yake kwa penseli, na zilibaki siku mbili tu vifaranga watoke. Mayai ya kwanza aliyoletewa yalikuwa yameoza yote. Akina mama walimpa pole wakitabasamu, na nusu yao hawakurudi. Haya nayo yakiharibika, hakuna ambaye angemletea hata yai moja tena, na yeye alilijua hilo kuliko mimi.

Nilifika mvua ya saa nane ikiisha. Zile taa ziliniudhi kwanza. Zinatumia betri ya sola, kwa hiyo haziwezi kukuambia lolote kuhusu soketi. Nilipima kwa testa waya unaotoka jikoni, una stima. Breka ya jikoni, ile swichi kuu, iko juu, haijaanguka. Nikazunguka nyuma, nikakuta soketi ya nje imeachwa wazi, imejaa maji. Nilimtukana shemeji kimoyomoyo, nikazima breka, nikaifungua soketi, nikaikausha vizuri, nikaifunika kwa karatasi ya nailoni, nikawasha tena. Ndani kimya.

"Tayari?" mama aliuliza dirishani.

"Bado kidogo, Mama."

"Imefika thelathini na nne." Alikuwa anasoma kipimajoto. Inatakiwa thelathini na saba na nusu. Alikuwa amefunika mashine kwa blanketi na kuweka kando yake jerikeni la maji moto.

Sasa niseme ukweli. Nilishajua kasoro iko wapi. Karavani kama hilo huwa na swichi yake ndani, ambayo maji yakiingia kwenye soketi hujiangusha yenyewe, na haipandi hadi mtu aipandishe. Nilikuwa nimeufuata ule waya kwa macho. Ulipenya ukutani upande wa nyuma, pale pale kilipo kitanda cha mama. Na kwetu mwanamume haingii anapolala mama mkwe wake. Miaka kumi na saba nimekunywa maziwa yake nikiwa nimeketi nje. Basi nikaanza kazi za kijinga. Nilikaza vilivyokwisha kukazwa, nikaifungua tena ile soketi, nikapanda hadi juu ya paa kutafuta sijui nini, fundi mzima.

"Mama, angalia chini ya kitanda. Kuna kasanduku keupe."

"Hii magoti haikunji. Wewe unajua."

"Hakuna jirani tumwite?"

"Wote wako kwa kituo, wanapima majani." Akachungulia kipimajoto. "Thelathini na mbili."

Nilisimama pale na bisibisi mkononi, nikaona aibu, na sikujua ni aibu ya kuingia au ya kutoingia.

"Baba watoto," akasema, "ingia. Kuku haijui mambo ya ukwe."

Nilivua gambuti. Niliingia macho yakiwa sakafuni, nikapita mbele yake bila kumtazama, nikalala kifudifudi. Nilisukuma masanduku mawili ya nguo na gunia la maharagwe, na kasanduku kalikuwa pale, swichi imeanguka. Niliipandisha. Ikashika. Mashine ikakohoa, ikaanza kuvuma.

Nilikuwa nimeanza kurudi kinyumenyume nilipomsikia akifungua mashine na kutoa yai. Lazima aliliweka sikioni.

"Inagonga," akasema polepole. "Iko hai. Inagonga."

Kisha akalia. Siku tuliyomzika mume wake alisimama wima tangu asubuhi hadi jioni bila chozi, akagawa chai. Sasa alilia kwa sauti kama mtoto, na mimi, mkwe wake, niko chini ya kitanda chake, miguu imetokeza nje.

Sikutoka. Nilihisi nikitoka na kuona uso wake nitakuwa nimeingia ndani zaidi kuliko hapa chini ya kitanda. Nilichukua bisibisi, nikaigongagonga kwenye kile kisanduku.

"Bado kidogo, Mama. Nakaza skrubu."

Hakukuwa na skrubu yoyote ya kukaza.

"Kaza tu," akasema, akivuta kamasi. "Kaza pole pole."