Ukurasa wa Pili wa Nafula

Wenzangu tuliosomea Mundika, mnakumbuka enzi zetu mtihani ulikuwa na harufu? Harufu ya wino wa ile mashine ya kuchapia, ya kuzungushwa kwa mkono. Ukiona vidole vya mwalimu vimekuwa vyeusi, ujue leo ni leo. Tulinusa karatasi kwanza, maswali baadaye. Jioni mahindi ya kuchemsha yalitutuliza wote, waliopita na walioanguka.

Karatasi zikiisha katikati ya kazi, hakuna aliyezimia. Mwalimu alichukua chaki akaandika maswali yaliyobaki ubaoni. "Hakuna mtoto atatoka hapa na nusu mtihani," alisema. Mama naye alikuwa na lake: "Ugali haupakuliwi kabla watoto hawajahesabiwa."

Sasa tumeendelea, hongera kwetu. Juzi binti yangu Nafula, wa gredi ya tatu hapa Malaba, alirudi na nusu ya alama. Kwa simu mwalimu akaniandikia: "Mama Nafula, mtoto ni mzito. Tutamrudisha gredi ya pili." Mzito! Mtoto anayemsomea nyanya yake Biblia! Nikakagua karatasi. Ukurasa wa kwanza amepata yote. Wa pili haupo.

Nikamfuata mwalimu ofisini. Kijana, vidole safi kama vya bwana harusi.

"Ukurasa wa pili uko wapi?"

"Mama, kompyuta haikosei. Pengine alipoteza."

"Sema tu aliula."

Karani wa shule, aliyekuwa pale pembeni akitaka kuchapa barua yake, akaitilia printa karatasi. Ilikuwa imekaa na njaa tangu siku ya mtihani. Ikakohoa, na kabla ya barua ikatema mtihani wa gredi ya tatu, ukurasa wa pili. Bado moto. Kumbe siku ile karatasi ziliisha nakala ya mwisho, iliyomwangukia Nafula, ikiwa katikati. Printa ikawasha taa nyekundu, kompyuta ikaomba karatasi, ikangoja. Watu wazima wakaenda chai.

"Basi mama, tutaangalia..."

"Hatuangalii kitu. Leta penseli."

Nafula akaufanya pale pale kwa meza ya mwalimu, mimi nimesimama mlangoni kama askari wa mpaka. Akakosa swali moja. Gredi ya pili watafute mwingine wa kurudisha.

Tulipokuwa wadogo, aliyekumbuka kwamba mtoto wa mwisho hajapata karatasi alikuwa mtu mwenye wino vidoleni. Siku hizi kazi hiyo imeachiwa printa. Na mimi, jamani, nimetoka ile ofisi nikiwa nimeishukuru mashine.