Shemeji Marcelo na Santuri ya Mkwewe

Shemeji yangu Marcelo Bundala ndiye fundi redio bora kuliko wote hapa Bariadi, na ninalisema hilo ingawa amenikasirisha kwa miaka mingi. Ukimpelekea redio anaipindua, anaitegea sikio, anaguna kama daktari, kisha anakuambia uje Alhamisi. Alhamisi ya lini, hasemi. Kuna watu wa Mwamapalala wamekuja Alhamisi kumi mfululizo na sasa wanamjua kila mtu sokoni.

Baba yetu, Mzee Mboje, alikuwa mwimbishaji wa Bagalu, kimoja cha vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana huku Usukumani. Mwaka 1974 alipelekwa Dar es Salaam na wenzake watatu, wakaimba kwenye studio, akarudi na santuri moja ndogo. Akampa dada yangu Nyanjige, mke wa Marcelo, kwa sababu katika ukoo mzima yeye peke yake alikuwa na gramafoni. Nakala nyingine hatukuwahi kuiona.

Sasa, kwetu Wasukuma mkwe si mtu wa kuzoeana naye. Hukai naye ukanyoosha miguu, hutaniani naye, na yeye pia hakuulizi jambo lake usoni. Marcelo alizidisha. Hata sauti ya Baba kwenye santuri aliiheshimu. Alikuwa anaweka sahani, anashusha sindano, anavua kofia, anatoka nje kukaa na kuku mpaka wimbo uishe.

"Shemeji, hiyo ni plastiki," nilikuwa namwambia.

"Plastiki yenye baba mkwe ndani," ananijibu.

Santuri hiyo ilikuwa na kasoro moja. Ubeti wa pili ulipoanza ngoma zilipigwa kwa nguvu, na kila mara sindano iliruka moja kwa moja hadi ubeti wa tatu. Baba akiwepo anacheka mpaka anakohoa. "Hapo ndipo penyewe," anasema. Tukimwuliza aliimba nini hapo, anajibu, "Fundi mnaye. Ipo siku atapafikia." Na fundi mwenyewe wakati huo yuko nje na kuku.

Baba alifariki mwaka 1993. Nyanjige alilia, kisha akataka jambo moja tu. Siku ya misa ya mwaka, ndugu wakija kutoka Mwanhuzi na Malampaka, wamsikie Baba akiimba wimbo wake wote, ubeti wa pili ukiwemo. Kwa bahati mbaya sindano ya gramafoni ilikuwa imekufa miezi kadhaa kabla ya Baba. Madukani ilikuwa ni kaseti tu. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, pamba ilianza kununuliwa na watu binafsi, mitumba ilishuka kwa mafurushi, na ukiulizia sindano ya gramafoni muuza duka anakuonyesha cherehani.

Mwishowe Novatus, mfanyabiashara wa vitu vilivyotumika, akatoka Mwanza na kichwa cha sindano kutoka Ulaya, kidogo kama punje ya hindi, ndani ya kiboksi chenye pamba. Marcelo alikishika kwa ncha za vidole. Akakifunga kwenye gramafoni yetu, ambayo mkono wake ni chuma kizito, akaweka santuri, akavua kofia, akatoka.

Ndani tulimsikia mbu. Sauti nyembamba, mbali, haina ngoma wala kifua, na sindano ikiyumba na kurukaruka kila mahali. Nyanjige akapiga kelele dirishani. Marcelo, bila kuingia, akajibu, "Weka shilingi juu ya kichwa!" Hiyo ndiyo dawa ya gramafoni zote za hapa. Sindano ikiruka, unaiongezea shilingi. Dada akaweka moja. Ikaruka. Akaweka ya pili. Haikuruka tena, lakini baada ya dakika moja niliona unga mweusi umejikusanya kwenye ncha.

"Dada, huo unga ni nini?"

Nyanjige akaugusa kwa kidole, akautazama. "Ni Baba," akasema.

Aliinua mkono wa gramafoni, akaifunga santuri kwenye kitenge, akaifungia sandukuni, na ufunguo akautia kifuani. Alipotoka nje kuku walikimbia. "Marcelo, unamkwangua baba yangu na humsikilizi hata kidogo! Hutaigusa mpaka ujifunze. Na ukishajifunza, utakaa ndani usikie mwenyewe ulichofanya."

Mtaani wakaanza kusema kwamba wapinzani wetu wa chama cha Bagika wameifunga sauti ya Mzee kwa dawa. Mihayo, jirani yetu, alijitolea kumleta mtu wa kuifungua. Marcelo alitikisa kichwa. "Dawa haifanyi unga," akasema. Hapo nilimpenda kidogo.

Miezi minne akatafuta. Alichogundua alinieleza kwa mfano wa ng'ombe, kwa kuwa ananiona mjinga. Kichwa kile kipya kina shingo laini, na mkono wetu ni wa chuma. Ni sawa na kumfunga ndama kwenye jembe la maksai. Jembe linamburuta ndama, ndama anayumba, na wewe mkulima unaongeza jiwe juu ya jembe. Dawa si kuongeza uzito. Dawa ni kutafuta jembe la saizi yake.

Basi akakata bomba la kunyunyizia dawa ya pamba, lile jembamba la alumini, akatengeneza mkono mpya, mwepesi. Ili ajue sindano inakandamiza kiasi gani, aliazima mizani ndogo kwa mnunuzi wa dhahabu, na mnunuzi akakaa pembeni kuilinda. Shilingi zetu mbili zilikuwa zimezidisha uzito mara kadhaa. Nyanjige alisikia hilo akausukuma ufunguo ndani zaidi kifuani.

Ikabaki ile sauti ya mbu. Kichwa cha zamani kilikuwa kinatoa sauti kubwa chenyewe, hiki kipya kinanong'ona, na tena kinazimeza ngoma. Kwa hiyo akaunda kisanduku cha katikati kutoka kwenye redio mbili mbovu, cha kuikuza sauti na kuzirudisha ngoma mahali pake. Alikifunika kwa kopo la maziwa ya unga ili kisivume. Alikuwa anajaribia santuri ya mahubiri, na jirani Mihayo akasema hajawahi kusikia mahubiri yakitisha namna ile.

Misa iliangukia Alhamisi. Baada ya chakula ndugu walijaa sebuleni. Mama yetu, Minza, akakaa kwenye kiti cha mbele. Nyanjige akatoa ufunguo. Marcelo akashusha sindano, akavua kofia, akaelekea mlangoni.

"Marcelo," dada akasema.

Akasimama. Ndani yupo mama mkwe, na kwenye sahani yupo baba mkwe. Akajibana kwenye kizingiti, mguu mmoja ndani, mmoja nje, mgongo kwetu.

Baba akaimba. Alikuwa na kifua, alikuwa na pumzi, alikuwa mle chumbani. Nililia bila kujificha. Ngoma zikaja kwa nguvu, kila mtu akakaza macho, na sindano ikapita pale bila kutikisika. Baba aliimba kwa Kisukuma, nami nawaandikia kwa Kiswahili:

"Mkwe wangu ni hodari, amefufua redio za Bariadi yote. Yangu nilimpelekea mwaka juzi. Nasikia habari za dunia kwa majirani. Aliniambia nije Alhamisi. Mkwe wangu, Alhamisi ya lini?"

Sebule ililipuka kwa kicheko. Mjomba kutoka Malampaka alianguka kwenye benchi. Nilipogeuka kumtazama Marcelo, kizingiti kilikuwa kitupu.

Alikuwa kibandani kwake. Nilimkuta ameishusha redio kutoka rafu ya juu kabisa, ina vumbi la miaka ishirini, na kikaratasi kimeandikwa Mzee Mboje.

"Niliogopa kuikosea," akasema. "Ya mtu mwingine nikiikosea, basi. Hii nikawa naiahirisha. Na yeye hakuwahi kuniuliza."

"Alikuuliza, shemeji. Ulikuwa unatoka nje."

Akaifungua. Waya mmoja tu ulikuwa umeachia. Akauchomea, akatia betri, ikaongea. Chai niliyomletea ilikuwa bado ya moto.

Tuliporudi, Nyanjige alikuwa anaianza santuri upya kwa ajili ya waliochelewa. Marcelo hakusimama kizingitini. Aliingia, akaketi kwenye mkeka karibu na gramafoni, redio mapajani, kofia juu ya redio. Ubeti wa pili ukafika, Baba akauliza Alhamisi ya lini.

"Ni leo, baba," Marcelo akajibu.

Hata mimi sikucheka.