Dari ya Mwalimu

Mwalimu wa hesabu pale Isebania hakupigilia msumari hata mmoja bila kulamba penseli kwanza. Gereji alijijengea mwenyewe. Fundi Motari aliitwa tu kushauri kuhusu paa.

"Weka kenchi za kawaida, mwalimu. Zina nguvu."

Mwalimu akalamba penseli. "Mbao zake zitaziba katikati. Mke wangu, Mama Gisiri, atashonea nguo huko darini. Sitaki ainame."

Akachagua paa la mwinuko mkali, wazi ndani, na urefu akaupima kwa utosi wake. Siku ya kukagua, mkewe, aliyemzidi kwa kichwa kizima, akapanda ngazi na kugonga kichwa kwenye boriti ya paa, ko!

"Baba Gisiri, hii umemjengea nani?"

Motari akauma mdomo asicheke. Mwalimu akampuliza mkewe kwenye paji la uso, polepole, kisha akachukua nyundo na kuanza kung'oa misumari ya kazi ya wiki tatu.